Anwani ya Jana

Swali ninalotaka kulizungumza na wasomaji wa kurasa hizi ni la zamani, nalo ni hili: wawili wanapokosa kusikilizana, ilhali kila mmoja wao ni mzima na hana nia mbaya na mwenziwe, kosa huwa ni la nani? Wanafalsafa wamelizungushia maneno mengi. Mimi sikulikuta katika vitabu vyao. Nililikuta nyumbani kwangu, mbele ya printa iliyokataa kuonana na kompyuta, siku ambayo nilikuwa na haraka.

Kisa chenyewe ni kidogo. Sisi wapenzi wachache wa ushairi tuna ada ya kukutana mara moja kwa mwezi baada ya sala ya isha, tukasomeana tungo. Mara ile tulikubaliana kusoma tungo za sahibu yetu aliyefariki mwaka uliotangulia, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuzichapa na kuzitolea nakala, ili kila atakayehudhuria apate ya kwake, na watoto wa marehemu wapate za kuweka. Kuzichapa kulinichukua wiki tatu. Kuzitolea nakala nilikuona ni kazi ya robo saa, nikaiacha mpaka alasiri ya siku ile ile.

Printa yangu ni ya aina isiyohitaji waya. Imekaa chumba cha ndani, kompyuta iko ukumbini, na baina yao ipo ruta, kile kisanduku kidogo kinachogawa mtandao nyumbani. Kwa muda wa miezi minane vitu hivi vitatu vilikuwa vikiishi kwa wema. Alasiri ile nikabonyeza kitufe cha kuchapisha, nikatega sikio, nyumba kimya. Katika kioo cha kompyuta pakaandikwa kwamba printa haipo mtandaoni. Nikabonyeza tena. Nikaenda chumbani: printa inawaka, na taa yake ya mtandao imetulia, haipepesi, kama mtu aliyekaa barazani kwake akingoja kuitwa. Nikarudi ukumbini, nikafungua gazeti kwa mtandao. Likafunguka bila taabu. Basi kompyuta yasema mwenzangu hayupo, na printa yasema mimi nipo. Nani mwongo?

Hapo ndipo nilipolifanya nililolifanya. Ninaye mpwa wangu, kijana wa miaka 17, anayekaa kwangu kwa ajili ya skuli. Nikamwita. Nikamwambia: "Umegusa nini?" Naomba msomaji aliangalie swali hilo. Sikumuuliza kama amegusa kitu. Nilimuuliza amegusa nini. Hukumu ilikuwa imekwishapita, na kilichobaki kilikuwa ni kukiri tu. Akajibu, "Sikugusa kitu, mjomba." Alitaka kuongeza neno, lakini mimi nilikuwa nimekwishaanza kusema juu ya vijana wa leo na vidole vyao, na juu ya heshima inayostahiki kazi za watu waliokufa. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akavaa viatu vyake, akatoka.

Wahenga walisema kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii kwa kawaida tunamsomea mvivu anayetafuta udhuru. Lakini ndani yake mna jambo jingine. Mbaazi hausingizii udongo ulioushika mizizi, wala mdudu asiyeonekana. Husingizia jua, kwa kuwa jua ndilo linaloonekana na wote. Nasi tukifikwa na tatizo ambalo chanzo chake hakionekani, mkono wetu hunyooka upesi kumwelekea aliye karibu, aliye mdogo na asiyeweza kutujibu.

Alipoondoka kijana sikuwa tena na wa kumtuhumu, na kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu ya hekima, nikaanza kuuliza. Jambo la kwanza lililonijia ni kuta. Aliyewahi kuishi katika nyumba kongwe za mawe za Mji Mkongwe anazijua kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye unene wa nusu mita na zaidi, zilizojengwa kumkinga mtu na joto. Mjenzi wake hakuwahi kuota kwamba itafika siku maneno yatapita ukutani. Ruta za siku hizi husema kwa sauti mbili, mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya pili yana kasi zaidi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta, na printa nyingi zinayasikia yale ya kwanza tu. Hata hivyo taa ya printa ilikuwa imetulia, maana yake sauti inaifikia. Kuta nikaziachia huru.

La pili lilikuwa neno la siri. Likibadilishwa katika ruta, printa hubaki na lile la zamani na mlango haufunguki. Lakini halikubadilishwa. La tatu ni kwamba ruta nyingi zina mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, ambao humruhusu mgeni kutoka nje kwenda duniani lakini humzuia asiwaone wenyeji waliomo ndani. Kompyuta ikijiunga huko kwa bahati mbaya, itakaa nyumba moja na printa na isiionane nayo milele. Nikatazama, nikakuta zote mbili zimo katika mtandao mmoja.

La nne, ambalo lingelikuwa la mwanzo lau ningelikuwa na insafu, lilikuwa kuiuliza printa yenyewe. Printa ya aina ile ukikishikilia kitufe chake fulani kwa muda, hukuchapia karatasi yenye habari zake: mtandao ilimo na anwani iliyopewa. Nikafanya hivyo. Ikachapa. Yule niliyeambiwa hayupo akatoa ushahidi wake kwa maandishi safi. Anwani yake ilikuwa inaishia kwa 27. Nikarudi katika kompyuta, nikaangalia inapopeleka karatasi zangu: anwani inayoishia kwa 14.

Inafaa nieleze kidogo namna mambo haya yanavyokwenda, kwani ndimo yalimo mafunzo. Kila chombo kinachoingia mtandaoni kina vitambulisho viwili. Cha kwanza ni kama jina la kuzaliwa: herufi na tarakimu 12 zilizopangwa mbili mbili, ambazo chombo hutiwa kiwandani. Cha pili ni anwani, safu ya tarakimu ambayo ruta hukiazima chombo kwa muda maalumu. Utaratibu wa kuazimana anwani kwa njia hii ulitangazwa rasmi mwaka 1993, na mwaka 1996 zikabainishwa anwani za matumizi ya ndani, zikiwemo zile zinazoanza kwa 192.168. Anwani hizo leo zimo katika mamilioni ya nyumba bila ya kugongana, kwa kuwa hazina maana yoyote nje ya nyumba yake. Muda wa azima ukikaribia kwisha, chombo huomba kiongezewe. Lakini chombo kikizimwa, na ruta ikapoteza daftari lake, anwani ile yaweza kupewa mwingine.

Na hilo ndilo lililotokea. Usiku wa kuamkia siku ile umeme ulikatika, ukarejea alfajiri. Ruta ikaamka na daftari tupu. Printa ilikuwa imelala, kwa sababu mimi mwenyewe huizima kila usiku kwa kubana matumizi. Asubuhi nikaiingiza katika mtandao simu yangu mpya, niliyoinunua juzi yake, nayo ikapewa anwani ya 14. Mchana nilipoiwasha printa ikakuta nafasi yake imekaliwa, ikapewa ya 27, ikashukuru, ikatulia. Kompyuta haikuambiwa. Ikaendelea kuzipeleka tungo za marehemu pale pale ilipozoea, yaani kwa simu iliyokuwa mfukoni mwangu, isiyojua lolote katika kazi ya kuchapa. Mlango ukabishwa, hapakuwa na wa kuitika, na kompyuta ikanena kwa uaminifu kabisa kwamba printa haipo.

Sasa turudi katika swali letu. Ni nani aliyekosea? Printa ilikubali ilichopewa. Ruta iligawa kilichokuwa wazi. Kompyuta ilitimiza ahadi yake ya miezi minane. Tumezoea kufikiri kwamba penye hitilafu pana kitu kibovu, na kwamba kazi ya mwenye akili ni kukitafuta akitengeneze au akitupe. Lakini kuharibika ni jambo moja na kupotezana ni jambo jingine. Watu wa Unguja hawajausahau mwaka 2008, kisiwa kilipokaa takriban mwezi mzima bila ya umeme, wala ile miezi mitatu ya giza iliyoanzia Disemba 2009. Taa za majumbani zilikuwa nzima, na bara umeme ulikuwepo. Hitilafu ilikuwa katika njia ya kuuvusha bahari. Mtu angeweza kubadilisha kila taa ya nyumba yake na asione mwangaza.

Binadamu nasi tunapotezana hivyo hivyo. Mtu tunamjua siku moja, tukaandika moyoni si jina lake bali mahali tulipomkuta: huyu ni mkali, huyu ni mtoto, huyu ni yule aliyeninyima siku ya shida. Siku zikapita, umeme wa maisha ukakatika na kurudi, naye akahama. Mkali akalainika, mtoto akakua, mnyimifu akajuta. Sisi tunaendelea kumpelekea maneno katika anwani ya jana, na akikosa kuitika tunasema hayupo, au hataki.

Mpwa wangu alipokuwa na umri wa miaka 9 aliifungua redio yangu kwa bisibisi, akashindwa kuirudisha. Alasiri ile nilipomuuliza "Umegusa nini?" sikuwa nikisema na kijana wa miaka 17 aliyesimama mbele yangu. Nilikuwa nikisema na yule wa redio. Swali langu halikumfika aliyekuwepo, kwa kuwa lilipelekwa kwa mtu ambaye alikwishaondoka miaka minane nyuma.

Najua atakuwepo msomaji atakayenipinga, na hoja yake ina uzito. Atasema: ukiyaita makosa yote kupotezana, umemfungulia mlango dhalimu. Tajiri wa shamba asiyewalipa wachumaji wa karafuu haki yao, akishtakiwa, neno la kwanza analolisema ni hilo hilo: hapakuwa na ugomvi, ni kutoelewana tu. Mume anayempiga mkewe husema hawajafahamiana. Wenye nguvu wanayapenda sana maneno haya, kwa sababu yanaigawa hatia nusu kwa nusu baina ya aliyepiga na aliyepigwa.

Hoja hii naikubali, wala sitaki somo langu lisomwe kuwa hakuna mkosa duniani. Printa nazo zipo zilizokufa kweli, zenye wino uliokauka na magurudumu yaliyolika. Ninachokidai ni kidogo kuliko hicho: hukumu isitangulie swali. Na kipo kipimo cha kuwatofautisha hawa wawili. Itengeneze njia, kisha tazama. Aliyekuwa amepotezana nawe tu, anwani ikisahihishwa huitika papo hapo, na pengine kwa furaha. Dhalimu, ukimsahihishia njia ya kwanza, huibua ya pili, na ukiisahihisha hiyo huibua ya tatu, kwani kukosekana kwa njia hakukuwa msiba kwake, kulikuwa ndio maficho yake. Mchumaji aliyekwishataja siku, mizigo na ujira wake mbele ya mashahidi, na bado asilipwe, huyo hakupotezana na mtu. Amedhulumiwa, na neno hilo litamkwe kama lilivyo.

Katika kulitafuta hilo, nadhani fundi hodari anayo maadili ambayo sisi wenye kujiita watu wa fikra tungefaa kuyaazima. Huanza na dhana nyepesi kabla ya nzito. Hubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, ili lililoponya lijulikane na lisilo na hatia lisiondolewe. Kila chombo hukiuliza habari zake chenyewe, hategemei kusimuliwa na chombo kingine. Wala hafuti kile asichoweza kukirudisha. Mimi katika hasira zangu nilikaribia kufuta kila kitu nianze upya, kama watu wanavyofanya katika ndoa na katika urafiki. Waislamu wanaoisoma Suratul Hujurat wanajua ilivyokemea dhana mbaya, na ilivyoamrisha habari ichunguzwe kabla ya kufanyiwa kazi. Nimeisoma sura hiyo tangu chuoni. Lakini kumbe mtu aweza kuihifadhi sura nzima, na bado asiikumbuke mbele ya printa.

Nilipoiandikia kompyuta anwani mpya, likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Katika haraka zangu nilikuwa nimekibonyeza kitufe cha kuchapisha mara tisa. Nilidhani mabonyezo yale yamepotea. La hasha, yalikuwa yamepanga foleni ndani ya kompyuta, kila moja likingoja zamu yake. Njia ilipofunguka yote tisa yakatoka kwa pamoja, utungo ule ule wa mwanzo ukijirudia karatasi baada ya karatasi, mpaka karatasi zikaisha, na maduka yamekwishafungwa. Usiku ule wenzangu wakapata utungo wa kwanza tele, na utungo wa mwisho, ambao marehemu aliupenda kuliko yote, ikabidi wausome wanne wanne kwa karatasi moja. Ndivyo yalivyo maneno tuyasemayo kwa ghadhabu kwa mtu tunayedhani hasikii. Hayapotei. Yanapanga foleni, na siku ya kusikilizana humfika yote kwa mara moja.

Mpwa wangu alirudi kabla ya magharibi. Nikamwambia, "Nimekukosea. Hukugusa kitu." Akasema, "Yameisha, mjomba." Nikamweleza habari ya 14 na 27. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Nilitaka kukwambia kuwa baada ya umeme kukatika anwani hubadilika, lakini hukuniuliza." Maneno haya aliyasema bila ya uchungu, na kwa hivyo yakanikata zaidi. Kumbe jawabu nililolitafuta kwa saa mbili lilikuwa limesimama mbele yangu tangu mwanzo, nami nikalifukuza kwa kulishitaki.

Dawa aliitia yeye, kwa muda wa dakika tano. Aliingia katika mipangilio ya ruta, akalitafuta lile jina la kuzaliwa la printa, lenye herufi na tarakimu 12, akalifungamanisha na anwani moja. Tangu hapo, umeme ukatike mara ngapi, ruta imepewa agizo: kila umwonapo mwenye jina hili, mpe mahali pake. Kwa maneno mengine, asitambuliwe kwa mahali alipokuwa. Mahali pafuate jina.

Nimelifikiri sana agizo hilo. Wazee wetu waliandika barua za kwenda Lamu au Ngazija kwa jina la mtu na la baba yake, na mchukuzi akifika bandarini aliuliza barazani, akaelekezwa alipo mtu yule siku hiyo, si alipokuwa mwaka jana. Aliyemtafuta mtu kwa jina lake alilazimika kuuliza, na kwa kuuliza akazijua habari zake mpya. Labda hilo ndilo tunalodaiana: kulishika jina, na kuuliza kila mara mwenye jina yuko wapi sasa. Na upande wa pili, anayehama awaarifu wanaompenda, asikae akiwalaumu kwamba hawamfikii.

Usiku ule, tulipokwisha kuzisoma tungo za sahibu yetu, nilikaa nikaandika ubeti mmoja, ambao nauacha hapa kuwa ungamo langu:

Sahibu alipohama, mimi nikawa sioni,
Salamu nikazituma, kwa kale yake makani,
Kwa kimya nikamsema, nikamweka hatiani,
Kumbe mja yu mzima, barua zi mlangoni.

Mpwa wangu aliusoma. Akaniuliza mlango huo ni wa nani. Nikamwambia ni wa nyumba aliyokwishaihama.